Aliyeitwa Mwovu kwa Kulima

Mwanangu Sesilia,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa ofisi ya walimu, nikaiacha chai mezani. Hutaki bibi yako aje kwenye sendofu yako, sherehe ya kukuaga uolewe. "Mama, ukweni watatucheka. Bibi ni mshamba." Kinyaa nilichosikia sijakisikia hata siku tulipozibua choo cha shule.

Kipindi kilichofuata nilikuwa na kidato cha tatu, na neno la siku hiyo la Kiingereza lilikuwa villain. Unalijua, yule mwovu wa kwenye filamu. Nikawaeleza asili yake. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, villa, yaani shamba la bwana na nyumba yake. Villain wa mwanzo hakuiba wala hakuua. Alikuwa mlimaji wa shamba la bwana, basi. Waliokula jasho lake ndio waliomwona mchafu, kisha mjinga, kisha mwovu, mpaka jina lake likawa tusi. Nimelifundisha neno hilo miaka mingi. Safari hii nililisikia kwa sauti yako.

Unaikumbuka Mwazye, kijijini kwa bibi? Kila likizo tulikwenda. Bibi anafukia nyasi kwenye ntumba, yale mafungu ya udongo ya duara, wewe unapanda maharage juu yake kwa vidole. Ukichoka anakubeba mgongoni, jembe begani. "Mjukuu wangu huyu atasoma," alimwambia kila aliyepita njiani, akijidai kweli kweli. Mlikunywa togwa kikombe kimoja, na siku ya kuondoka ulimng'ang'ania kitenge ukilia. Ulezi aliouvuna na kuuuza ndio uliokusomesha chuo.

Leo unaionea haya mikono iliyokulisha. Usiwasingizie wakwe. Siku ya posa mama mkwe wako alinisimulia mwenyewe alivyolima mahindi kwao Mwimbi, na alicheka kwa furaha. Uchafu huu umeuokota peke yako, sijui wapi.

Bibi ameshaloweka ulezi wa pombe ya sherehe yako. Mimi simwambii neno. Mpigie wewe, umwambie kwa Kifipa, lugha aliyokubembelezea, kwamba asije. Ukishindwa, atakuja, na atakaa mbele, ubavuni pangu. Ukiona haya, kakae nyuma wewe.

Nakupenda, ila umenichukiza sana.

Mama yako,
binti wa mlimaji wa Mwazye