Viatu vya Picha ya Sita

4 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua yamenikalia tangu wiki iliyopita na bweni zima linaniita Tarumbeta. Wewe sijui unaendeleaje, maana ndani ya bahasha nimekuta picha tatu na karatasi ya maelezo tu, salamu hakuna hata mstari mmoja.

Nimeandika maneno chini ya kila picha kama kawaida yetu, kwa ile kalamu ya nibu uliyonipa. Mwandiko wako wa kuku umenitoa jasho, lakini nadhani nimepatia. Mwaka wa kwanza: jino. Mwaka wa pili: chini ya meza. Mwaka wa tatu: mvua. Huyu mtoto nimeshaanza kumpenda. Ni wa nani?

Kitu kimoja, Baba. Katika picha ya pili, mguu mmoja wa meza haujafika sakafuni. Wewe ndiye uliyenifundisha kuanza na sakafu ili vitu visielee. Ulienda kupima macho kama ulivyoniahidi likizo?

Mwanao

13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mafua, Tarumbeta. Mimi sijambo. Macho hayana neno, miwani ndiyo imechoka. Na ule mguu wa meza, tuseme mtoto alikuwa anaisukuma.

Mteja ni nesi. Ameagiza picha sita za binti yake, moja kwa kila mwaka aliouishi. Akitoka zamu anakuja na sare yake, anakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni, anasimulia, mimi nachora. Unaijua sheria yangu: nachora ninachoambiwa. Miaka mitano ya mwanzo ana picha za kamera nyumbani. Ya mwaka wa sita hana hata moja. Hiyo ndiyo iliyomleta kwangu, na anaisimulia kidogo kidogo, kama anayepima dawa kwa matone.

Nitakutumia tatu zilizobaki nikimaliza. Fundi cherehani jirani yetu anakusalimu. Anasema urudi upesi, hana mtu wa kubishana naye.

Baba yako

2 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mafua yameisha, jina la Tarumbeta limebaki. Nakurudishia picha ya nne, ya tano na ya sita, maneno yote nimeyaandika.

Ya sita nimeitazama muda mrefu maktaba, mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Mtoto amesimama mlangoni, vifungo vya gauni amevifunga mwenyewe, anacheka. Kwenye karatasi ya maelezo uliandika maneno mawili tu: "Asubuhi ile." Sijaongeza kitu.

Nilikuta kosa dogo sana. Usijali, nimelikwangua kwa wembe kama ulivyonifundisha, nikachora juu yake upya. Hutajua hata palikuwa wapi. Sikutaka mteja aone na kudhani umechoka.

Ila macho, Baba. Tafadhali.

Mwanao

30 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Umepita mwezi mzima sasa na sijapata barua yako. Kila Ijumaa barua zikigawiwa nasimama kwenye dirisha la ofisi, jina langu lisiitwe, halafu najifanya nilikuja kuangalia saa. Kama picha zilipotea njiani niambie. Kama ni mimi, niambie pia.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii imekukuta salama. Samahani kwa kukaa kimya, na samahani kwa mistari inayogongana.

Nesi alikuja kuchukua picha zake. Tano za mwanzo alizipitia polepole, akawa anatabasamu. Kwenye ya sita akaweka kidole miguuni pa mtoto. Kisha akauliza, "Nani amemgeuzia viatu?"

Sikumwelewa. Nikasogeza picha mpaka ikakaribia kugusa pua yangu, na bado sikuona kitu.

Asubuhi ile, mwanangu, mtoto alivaa mwenyewe kwa mara ya kwanza. Viatu akavipishanisha, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Mama yake alikuwa amechelewa zamu. Akamwambia, "Wewe nenda kacheze, nitakugeuzia nikirudi." Mchana gari likamgonga mtoto barabarani, akaletwa wodi ile ile ya mama yake. Viatu vilikuwa vimepishana vile vile. Hayo ndiyo aliyoniambia nichore, na hivyo ndivyo nilivyochora.

"Mimi sikumgeuzia," akawa anasema. "Mimi sikuwahi kumgeuzia." Nikamwambia kosa ni langu. Akachukua zile tano, hii akaiacha.

Sina hasira nawe. Uliona viatu vimekaa vibaya ukajua macho ya baba yako yamechoka. Na kweli yamechoka. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia daktari anasema linafuata. Nilijua tangu kabla ya likizo. Ningekuambia, ungeuliza kabla ya kushika wembe.

Nimejaribu kuirudia mara nne. Mlango nauweza. Uso siuwezi tena. Nakutumia ile aliyoiacha nesi, kwa kuwa kuitupa nimeshindwa.

Baba yako

21 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hujambo? Nimeandika "nisamehe" mara nyingi kwenye karatasi ya pembeni na kila nikilisoma naona halitoshi.

Nimeibandika picha yako kwenye kioo cha dirisha la darasa, nikaweka karatasi mpya juu yake, nikafuata mistari yako kwa mwanga wa jua. Nimefanya hivyo siku tano, wakati wa mapumziko. Uso ni wako, Baba, sikuubuni. Kwenye viatu ndipo nilipoogopa, maana nilivifuta mwenyewe. Lakini ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, mikwaruzo ya kalamu yako bado ipo chini ya yangu. Nikaifuata hiyo. Hapo nimekandamiza wino makusudi, safu mbili, ili uweze kuipata kwa kidole.

Nafasi ya sahihi yako nimeiacha pembeni, upande wa kulia, chini.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Anayeandika ni fundi cherehani, mimi nasema. Tayari ameshabishana nami kuhusu nukta. Sisi wote hatujambo, natumaini nawe hujambo.

Picha imefika. Nimepitisha kidole. Cha kulia kiko kushoto, cha kushoto kiko kulia.

Nesi alikuja juzi akiwa njiani kwenda kazini. Nilimwambia ukweli wote, wa kwangu na wa kwako. Akaishika picha akakaa kigodani. Sikuona uso wake, nilisikia tu kidole chake kikipita juu ya karatasi. Baadaye akasema, "Ndiyo. Hivi ndivyo alivyokuwa." Fundi akamkumbusha saa. Akajibu kwamba leo acha achelewe.

Sahihi sikuweka. Nimemwomba fundi aandike jina lako pale. Sitachukua kazi nyingine, mwanangu. Kalamu zangu zipo kwenye kopo, nimezifunika zisikauke. Ukija likizo utanisomea barua zako mwenyewe, maana fundi anazisoma kama anayepima kitambaa.

(Fundi hapa: huo ni uongo, nasoma vizuri. Neno la chini ameliandika mwenyewe, amekataa nimshike mkono. Usishangae likipanda.)

Baba