Nilingoja Ajibu

Baba Nekesa wangu,

Baridi ya huku chuoni Hurlingham imenivalisha sweta mbili, lakini hili lazima nikuambie. Sisi wanafunzi wa unesi tunajifunza kwa mdoli mkubwa kama mtu. Kifua chake kinapanda na kushuka, na ukimdunga anatoa maji mekundu kama damu! Sheria ni umsalimie kabla ya kumgusa. Nikamwuliza ameamkaje, na kama mvua imeanza huko kwao. Halafu nikamtazama usoni.

“Mathe, unangoja nini?” wakauliza wenzangu, hawa wa rika la binti yetu.

“Ajibu.”

Wakavunjika mbavu. Nikajiuliza kama kweli nimechelewa kuanza kazi hii.

Leo tumeingia wodini mara ya kwanza. Nikamsalimia nyanya mmoja vilevile, nikangoja, nikitaka sana kujua atasema nini.

“Nimeamka, mwanangu. Na wewe, umeamkaje?”

Mdoli hajawahi kuniuliza hivyo. Sasa yeye ndiye akawa anangoja.

Kula vizuri, usiunguze ugali. Na wewe, mume wangu, umeamkaje? Unajua mimi hungoja jibu.

Mama Nekesa