Andika Kakule

Butembo, mwezi wa tano 2001

Kwako Luc, ndugu yangu mudogo wa Beni,

Barua yako ilifika na camion ya makala ya kupikia. Maharagi imekomaa, na batoto ya dada yetu Rébecca bamepona surua. Mais mimi ningali nashangaa ile masomo ya nyota unafundishaka. Donc mbingu yote inapanuka, bagalaxie banaachana mbio kupita zamani, juu énergie noire, nguvu moja ya giza, inabasukuma! Na katika kila galaxie kuko matière noire, kitu cha giza, hakuna mutu anaiona, lakini njo inashika nyota zisitawanyike. Nikasema: huyu njo ule mutoto nilibebaka mugongoni?

Nikamusomea mama. Akauliza: "Kama hapana kuiona, banajua namna gani iko?"

Nikamujibu vile uliandika: nyota zinazunguka mbio sana, zingetupwa inje kama hakungekuwa kitu kinazishika.

Mama akaacha kutwanga sombe, majani ya mihogo. Unajua, tangu basoda baliua ndugu yetu Kasereka kule Manguredjipa, hajatamka jina lake. Ile siku akasema: "Ni kama Luc. Yeye ni Kakule, jina ya mwanaume wa ine kuzaliwa. Mutu akisikia Kakule, anajua mbele yake kuko Kasereka, wa tatu, hata kama hamuone."

Akarudia sombe yake. Kisha akanituma nikuambie: chini ya barua uliandika "Luc" tu. Ile itafuata, uandike Kakule.

Dada yako mukubwa,
Masika