Aliyoniambia Bi Dervla

Champlin, Minnesota
9 Novemba 2025

Mpendwa Mama mkubwa Tulia,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Natumaini sasa unafika kanisani bila fimbo. Sisi wazima, theluji imeanza, na Careen wangu ukimsalimu bado anajibu kwa Kiingereza.

Yule bibi wa Kiayalandi niliyekuwa namhudumia, Bi Dervla, tulimzika Jumamosi. Alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi. Alianza akiwa karani wa gazeti huko Galway, akiandika alfajiri kabla ya kazi. Alipoolewa akahamia huku, akaendelea. Vitabu kumi na tisa! Nimesoma sita. Katika kila kimoja binti anapotea, na mwishoni mtu anagonga mlango wa mama yake kumletea habari.

Miezi hii ya mwisho alikuwa anavaa koti tangu asubuhi, anakaa akiutazama mlango. Nikimuuliza anamngoja nani, anasema si yeye anayengoja, ni mama yake. Mama huyo alikufa zamani sana. Nikaanza kuuogopa ule mlango, nikawa naupita upesi.

Wiki moja kabla hajafa alinieleza. Dada yake, Brid, alitoroka nyumbani akiwa na mimba, akamwapisha asiseme. Bi Dervla alikuwa na anwani ya Brid ya London. Mama yao alimtafuta binti yake miaka kumi na mmoja, akafa hajui.

Akanishika mkono, akasema, "Nimewaambia wasomaji wote. Mama peke yake sikumwambia."

Mama mkubwa, kaa chini kwanza. Mwanao Edson yu hai. Yuko Coon Rapids, si mbali na kwangu, anafanya usafi hospitalini. Chuoni huku walimfukuza mwaka wa pili; kwa aibu akakata mawasiliano, akaniapisha. Miaka sita umelia kwenye simu zetu za Jumapili, nami nikalia nawe, na Jumapili ileile nikala na Edson mezani. Kwa simu nisingeweza kuyasema haya, ndiyo maana nampa Maurice, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee mkononi.

Jana nilimwambia Edson kwamba nakuandikia. Akaomba kalamu. Namba iliyo nyuma ya karatasi hii ameiandika yeye mwenyewe. Mwandiko wake utaujua.

Msalimie mjomba Vedasto, na Alice. Mungu akupe nguvu za kuisoma hadi hapa.

Mwanao akupendaye, hata ukinikasirikia,
Avelina