Shule Yenu ya Bwawa

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mtaa wetu bado una kelele, siyo kama huko kwenu, kuta ndefu mpaka jirani mnamjua kwa mbwa wake. Eti nikupe binti yangu akae kwako, asome shule yenye bwawa la kuogelea! Anasomea ubata? Mimi niliacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa ananiuliza mimi majibu.

Ila juzi binti aliniletea hesabu zake. Nikamtajia majibu yote bila hata kushika kalamu. Akakosa zote. Mwenzake kaniambia kwamba mwalimu alipouliza nani kamsaidia, binti alisema hakuna.

Njoo umchukue Jumamosi. Usimwambie nimekubali, mwambie umeninyang'anya.

Mjomba wako, kichwa cha ukoo