Karata Nilizozitupa

Uvira, Kimanga, mwezi wa tatu 1965

Kwako ndugu yangu mpendwa Libérat,

Nakusalimu kwa furaha ya muntu aliyekaa muda mrefu bila kukuandikia. Huko Usumbura munaamka vizuri? Kile kikohozi chako kimekuachia? Huku minye na mama Agathe tuko wazima. Mama ameanza tena kuuza samaki wa ndagala sokoni, na nyumba tumeiezeka upya upande ule ulioungua. Anakusalimu sana, anasema bado anakungoja uje ule ugali wake.

Ndugu yangu, nakuandikia kwanza kukushukuru. Utacheka ukijua nakushukuru kwa nini: nakushukuru kwa zile Jumapili za Nyamianda, nyuma ya duka la Mgiriki, ulipokuwa unanifundisha poka ya karata saba. Mbili za kufichwa, nne za wazi, ya mwisho ya kufichwa. Dada yako Nkeshimana alikuwa anashona pale karibu, anatucheka wote wawili.

Minye nilikuwa mbaya sana. Nikipata pea ndogo, nne mbili au tano mbili, niliishikilia mpaka mwisho kama muntu aliyeokota dhahabu. Weye ndiwe uliyeniambia niache kutazama mkono wangu, nitazame kwanza karata za wazi za wengine. Kama mwenzangu ameonyesha kubwa kuliko pea yangu, nitupe. Kama karata ninayoingoja imeshatokea mbele ya wengine, nitupe haraka zaidi, kwa maana nangoja kitu ambacho hakiko tena. Na nikitafuta karata tano za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu, ambazo zinashinda pea zote, nisizifuate ila kama za aina ile hazijaonekana mezani, kuingia iko rahisi, na watu wako wengi mchezoni wa kujaza chungu, zile feza za katikati. Nilikuona unanisumbua. Leo naona ulinipa kitu kikubwa.

Waasi walipoingia Uvira mwaka jana, weye ulikuwa umeshavuka Ruzizi. Sisi makarani wenzako wa teritware, ofisi ya serikali, walitukusanya wote wakatufungia katika depo ya pamba. Nkeshimana, kama unavyojua, walimkamata kwa sababu yako: walikutafuta nyumbani kwenu Nyakabere, hawakukupata, wakamchukua yeye. Waliwaweka wanawake jikoni, nyuma ya depo. Kupitia ukuta tulikuwa tunawasikia wakikohoa kwa moshi.

Komanda wa pale alikuwa anaitwa Ildephonse, baharia wa zamani wa meli za Albertville. Alipenda poka kuliko chakula, lakini walinzi wake walikuwa wanamwachia ashinde kwa hofu, na jambo hilo lilimchosha. Siku moja, mvua ya mchana ilipokwisha, alikuja mlangoni akatutangazia sharti lake. Muntu atakayecheza naye akashinda, atachagua mfungwa mumoja atoke, ila asijichague mwenyewe. Akishindwa, atapanda kamyo ya kubeba risasi mpaka Kamanyola, kwenye vita.

Modeste wa posta ndiye aliyekubali. Alitaka kumtoa kaka yake. Nilimtazama akicheza, moyo ukaniuma, kwa maana alicheza kama minye wa zamani: kila pea aliifuata. Maharage yake, tuliyotumia badala ya feza, yalikwisha kabla ya jua kuzama. Walimpandisha kamyo akiwa bado anafunga kamba za viatu. Mpaka leo hajarudi. Mke wake Ernestine bado ananiuliza habari zake.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka. Lakini tulisikia kwamba wanawake watahamishwa mulimani, na waliopelekwa mulimani hatukuwahi kusikia habari zao. Ildephonse alipokuja tena, nilisimama. Pierre, tuliyekuwa tunalala naye mkeka mumoja, alinivuta suruali akaninong'oneza: "Octave, weye iko na wazimu?" Nikamwambia pengine.

Tulikaa wanne: komanda, walinzi wake wawili, na minye. Libérat, sijawahi kutupa karata namna ile. Nilipata nne mbili mapema, na moyo wangu wote ulitaka kuzifuata, lakini mulinzi wa kushoto alikuwa na nne ya wazi na komanda alikuwa na mufalme. Nikatupa. Nikapata sita mbili, nikatupa. Ildephonse alianza kukasirika. Akaniambia, "Karani, ulikuja kucheza ao kuogopa?" Nikamjibu kwa heshima kwamba naogopa, ndiyo, lakini nacheza. Wafungwa nyuma yangu walikuwa wananung'unika. Walidhani nimeharibikiwa.

Halafu zikaja kopa: mbili zilizofichwa, ya tatu wazi, na ya nne ikaifuata. Nikatazama meza kama ulivyonifundisha. Kwa wengine wote ilionekana kopa moja tu. Walinzi wote wawili walikuwa bado ndani. Komanda alionyesha wafalme wawili, akasukuma maharage mengi. Nilimfuata. Karata ya tano si kopa, ya sita si kopa. Maharage yangu yote yalikuwa katikati. Ya mwisho niliinua pembe yake kidogo tu.

Ilikuwa kopa.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa akili. Isingekuja, ningepanda ile kamyo. Lakini kama nisingetupa zile pea, nisingekuwa na maharage ya kuingojea.

Ildephonse alifunua wafalme wake wawili, akanisukumia maharage yote, akauliza nani atoke. Nilihisi macho ya wanaume wote mgongoni, na ya Pierre, mwenye watoto wadogo nyumbani. Nikasema: "Nkeshimana, dada ya Libérat." Walimfungulia mlango wa jikoni bila kumwambia neno. Pierre hakunisemesha tena mpaka askari wa serikali walipoukomboa mji na walinzi wakakimbia. Simlaumu. Sasa tunasalimiana.

Nkeshimana alikuambia kwamba muntu asiyejulikana alimtoa. Hajui mpaka leo. Kwa nini nilinyamaza, ndilo jambo lililonifanya nichukue kalamu. Nilimpenda tangu Nyamianda, na tangu mji utulie tumekuwa tunaandikiana, yeye akiwa huko kwako. Nilipomwomba awe mke wangu, niliogopa kwamba akijua atakubali kwa kulipa. Nilitaka aweze kunikatalia. Jibu lake lilinifikia wiki iliyopita: amekubali, na ameandika kwamba ananipenda kwa sababu namchekesha.

Tangu mzee wenu Nzeyimana atutoke, weye ndiwe baba wa nyumba ile. Kwa hiyo nakuomba dada yako, kwa adabu yote, na mama Agathe yuko tayari kuja na wajomba kupiga hodi kwenu. Kama utaona vema kumwambia habari ya ule mlango, mwambie weye. Kama utaona vema kunyamaza, minye nitakaa naye nikinyamaza maisha yangu yote, na sitapungukiwa na kitu.

Nisalimie majirani wote wa Nyakabere walioko huko. Mungu akulinde, akuponye kikohozi.

Minye mudogo wako anayekushukuru,

Octave