Njoo Baada ya Idi

Jumatatu, 4 Januari 1999

Nimepata kazi! Siyo kazi hasa — kibarua, mpaka matokeo ya Form Four yatoke. Mzee Kasmir, rafiki wa baba yangu, wanasali kanisa moja, ndiye aliyenisemea kwa Mzee Ravindra pale Kariakoo, anayepeleka korosho Uswisi. Nilidhani nitafunga paketi. Kumbe wanunuzi wanataka kujua kila kilo imetoa moshi kiasi gani tangu shambani hadi bandarini. Vivek, mtoto wa bosi, anauita kaboni. Anasema hewa ya dunia inachafuka na Wazungu wameanza kuogopa.

Kazi yangu ni kuwazungukia wanaotubangulia korosho, niwaulize wanachoma nini na kiasi gani. Atakayeonekana na moshi mwingi kuliko wenzake ataachwa kwenye oda ya Aprili.

Niulize! Mimi, ambaye shuleni hata ruhusa ya chooni nilikuwa naombewa na rafiki yangu Rachel.

Jumatano, 6 Januari

Leo mtaa wa Gerezani, kwa Mzee Kasmir mwenyewe. Yeye anabangua kwa mashine, ana boila na jenereta. Nimesema shikamoo, halafu maneno yote yakaniishia. Alikuwa anakunywa supu na chapati. Akasema swali langu zuri sana, ila mwezi huu mgumu, njoo baada ya Idi. Mzee Kasmir ni Mkatoliki kama sisi! Fundi wake akacheka, akamuuliza, bosi, na wewe umeanza lini kufunga?

Nimekaa kwenye benchi asubuhi karibu yote. Sikuweza kuuliza tena, wala kuondoka. Wakaingiza pipa la dizeli. Baadaye jingine. Nimeona, lakini kuona siyo kuambiwa. Nafasi yake kwenye karatasi nimeiacha wazi.

Ijumaa, 8 Januari

Mwenye lori: baada ya Idi. Anayetuuzia magunia: baada ya Idi, inshallah. Karatasi yangu nyeupe kama shuka ya hospitali. Vivek ameitazama, akanirudishia. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 11 Januari

Leo Ilala, kwa Mama Zamzam. Ni mtaa wa tatu tu kutoka kwetu na sikujua kama yupo. Yeye na jirani zake wanakaanga korosho uani kwa kuni, kwenye karai lililotobolewa. Moshi mzito, unauma hadi kooni. Wote wamefunga — kwenye moto ule, bila tone la maji! Mikono yao myeusi, imeliwa na mafuta ya maganda.

Nilijiandaa kuambiwa baada ya Idi. Hakusema. Alinivutia kigoda upande usio na moshi, akajibu kila kitu. Kuni zinatoka wapi, mzigo mmoja unakaanga nini. Nilipofunga kalamu akanishika mkono. Mvua zikinyesha kuni zinakuwa mbichi, akasema, tunachoma karibu mara mbili. Hilo nalo uandike.

Nikamwambia polepole kwamba si lazima. Jirani yake mmoja akadakia: Zamzam, mtoto mwenyewe anakupa mlango, wewe unang'ang'ania dirisha!

Mama Zamzam hakucheka. "Mwanangu, mimi nimefunga. Siwezi kushinda na njaa mchana kutwa halafu niiharibu saumu yangu kwa kuni. Andika."

Nimeandika. Nimerudi ofisini karibu nakimbia, kwa furaha. Karatasi moja imejaa! Vivek akasema, safi, Benedikta. Mara ya kwanza amenitaja jina.

Jumatano, 13 Januari

Nimesoma maelekezo ya Uswisi kwa kamusi. Wameandika wazi: asiyejibu, mkadirie kwa kumlinganisha na anayefanya kazi kama yake, au kwa mlichokiona wenyewe. Na muandike kwamba ni makadirio. Nimekumbuka yale mapipa. Nimepiga hesabu kwa penseli nyuma ya karatasi, mara tatu, nikidhani nimekosea. Kwa kila kilo, Mzee Kasmir anamzidi Mama Zamzam. Mbali.

Ijumaa, 15 Januari

Siwezi kula.

Vivek ameingiza majibu yote kwenye kompyuta. Nikamuuliza — niliuliza! — kwa Mzee Kasmir ameweka nini. Hakuweka kitu. Pakiwa wazi, kompyuta inahesabu sifuri. Kwa hiyo kwenye ripoti Mzee Kasmir hana moshi kabisa. Jenereta, boila, mapipa, sifuri. Na Mama Zamzam, aliyejibu, mpaka kuni mbichi za masika, ndiye mchafu kuliko wote.

Nikasema Uswisi wanataka tukadirie. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Vivek hakukasirika. Alionekana kuchoka. Akasema faksi inatakiwa iende Alhamisi, hawezi kutunga namba za watu, na nani atamwambia Kasmir tumemkadiria kwa kuchungulia mapipa yake? Mzee Ravindra akasikia kutoka mezani kwake. "Kasmir anajaza nusu ya kontena, beti, binti yangu. Huyo mama anajaza kona."

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama siye Kasmir aliyenileta pale.

Ndiye.

Jumatatu, 18 Januari

Nimeitaipu ripoti mimi mwenyewe. Kwa vidole vyangu. Mama Zamzam: asiendelee Aprili. Imewekwa pembeni ya mashine ya faksi. Ofisi imefungwa mpaka Alhamisi, na ufunguo ninao mimi kwa sababu nafika mapema kufagia.

Jioni mwezi umeonekana. Mtaa mzima watoto wanapiga kelele.

Jumanne, 19 Januari

Idi. Mchana binti wa Mama Zamzam amebisha hodi na bakuli kubwa limefunikwa kitambaa. Pilau. Amesema mama yake ametuma salamu kwa yule dada mpole wa korosho. Mama yangu amefurahi mno, ameniuliza nimemfanyia nini huyo mama hata akanikumbuka.

Nimekula. Nyumba nzima tumekula. Ilikuwa tamu, hilo ndilo baya.

Jumatano, 20 Januari

Bakuli limeoshwa. Mama amesema bakuli la watu halirudi tupu, ametia mchele, juu yake akaweka ndizi mbivu. Nilimwomba amtume mdogo wangu. Amekataa. Umeletewa wewe, peleka wewe, umpe mkononi.

Nimefika hadi kona ya kwanza, nikageuka. Nimemwambia mama nimesahau kanga. Atauliza tu, Mama Zamzam. Mwanangu, wale wenzangu walijibu? Wazungu wamesemaje?

Ufunguo wa ofisi uko mfukoni. Ile karatasi yenye penseli nyuma iko ndani ya daftari hili. Mama anaita kutoka uani, anasema ndizi zitaiva zaidi ya hapo. Bakuli liko mapajani mwangu sasa hivi, zito, na faksi haijaondoka bado. Kesho mimi ndiye wa kwanza kufika.